Banda la mpira linaloonyesha chini ya bahari, Mkoani, Pemba: nyota nne, ya tano bado naishikilia

Kiingilio ni shilingi elfu moja. Naanza na bei kwa sababu ndiyo waliyoniuliza wote waliosikia kuwa nimekwenda. Kwenye banda hilohilo mpira ni mia tano, bahari elfu, na watu wanaona mambo yamepinduka: mpira una mabao, bahari ina nini? Mwenye banda anajibu kuwa mpira unaingia kwa king'amuzi alichokwisha kulipia mwezi mzima, lakini bahari inaingia kwa bando la simu, na bando linayeyuka. Mimi nauza barafu dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Habari ya kuyeyuka sina haja ya kuelezwa. Nikatoa elfu yangu.

Jina la banda silitaji, na kusema kweli halina: ni mabati ubavuni, makuti juu, na tivii ya inchi hamsini na tano iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo kama mbuzi wa Idi. Ukitoka bandarini Mkoani ukapanda kilima, siku umeme umekatika utalisikia jenereta lake kabla hujaliona.

Shughuli hii ilianza kusi ya mwaka 2025. Kusi ikikaza huku kwetu ngarawa zinalala mchangani, wavuvi wanashona nyavu, wanacheza bao, wanagombana, na barafu yangu hainunuliki. Kijana mmoja wa hapa, anayesoma sayansi za bahari Unguja, alikuwa nyumbani kwao likizo. Akawa kila jioni anakaa barazani na simu, anatazama meli iliyokuwa Argentina ikishusha roboti chini ya bahari. Mwenye banda akapita, akaona wazee saba wamejiinamia juu ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Ni mtu wa biashara. Hakuuliza wanatazama nini, aliwahesabu tu.

Meli yenyewe ni Falkor (too), ya Schmidt Ocean Institute, na kazi ile iliongozwa na wanasayansi wa Argentina wenyewe, wa taasisi yao ya utafiti iitwayo CONICET. Roboti yao inaitwa SuBastian. Haina mtu ndani. Inaendeshwa kutoka melini kwa waya mrefu, na inaweza kushuka mpaka mita 4,500. Safari ile walikuwa kwenye korongo la Mar del Plata, wakafika karibu mita 3,900. Yote yanarushwa moja kwa moja kwenye intaneti, hayalipiwi, na unawasikia wataalamu wakizungumza wanachokiona wakati huohuo wanapokiona. Saa zao ziko nyuma yetu kwa sita, kwa hiyo wao wakimaliza chai ya asubuhi sisi ndiyo tunatoka kusali Alasiri. Mtu asiye na bahari ya kwenda, hakuna wakati mzuri kuliko huo.

Sasa picha. Nilidhani nitaona kiza na vumbi, kama kumulika kisima kwa tochi. Siyo. Taa za roboti ni kali, na kila kinachoingia kwenye mwanga kinakuja na rangi yake kamili: matumbawe ya waridi, mengine ya machungwa, kaa mwekundu wa kupikwa ilhali hajapikwa. Vitu vina rangi mahali ambapo tangu viumbwe hapajawahi kufika jua! Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Kijana anasema nyekundu huko chini ni sawa na kuvaa nyeusi, kwa sababu mwanga mwekundu ndio wa mwanzo kumezwa na maji, kwa hiyo mnyama mwekundu haonekani. Sisi ndio tuliopeleka taa, tukamvua nguo.

Huyu kijana ndiye anayekufanya urudi, siyo tivii. Sauti inayotoka kule ni ya Kihispania au ya Kiingereza, na bandani pale wanaozielewa hizo ni wawili au watatu, nao wanajifanya tu. Yeye anakaa mbele juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ameegemeza ubao wa chuoni wa kuandikia aya, na chaki mkononi. Anafasiri kwa Kipemba chetu, hatii mbwembwe. Kubwa zaidi, anajua kunyamaza. Roboti ikiwa inatembea tu juu ya tope anaacha tope lizungumze.

Na hesabu anaifanya kwa pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Siku ya kwanza alisema "mita elfu tatu na mia tisa", banda zima likamtazama kama aliyesoma namba ya simu. Akafuta, akaandika: pima elfu mbili na mia moja na ushei. Hapo ndipo watu walipokaa sawa. Ami yangu, aliyevua mshipi kwenye mkondo miaka arubaini na ambaye kamba yake ndefu kuliko zote haikupita pima mia na hamsini, akasema kwa sauti, "Muongo huyo." Halafu akauliza swali la kivuvi: hicho chombo hakipasuki? Kijana akaeleza kuwa kila mita kumi unazoshuka ni kama kujitwika tena hewa yote iliyo juu ya dunia, na ukifika kule ni kilo mia nne hivi juu ya eneo la ukucha wa kidole gumba. Ami akautazama ukucha wake. Hakumwita tena muongo.

Kosa lake kijana nalo nalitaja, maana hii ni tathmini siyo posa. Wiki ya kwanza aliyaita matumbawe "miti". Inaeleweka, yana matawi, yamesimama, ukiyaona utadhani mikandaa iliyokauka. Lakini Jumatano iliyofuata alianza kwa kujirekebisha mbele ya watu wote: si miti, ni wanyama, na kila tawi ni mji wa vijinyama vidogo vyenye mikono. Yale ya huku juu tunayoyaona maji yakitoka, ya Misali na kwengineko, ndani ya miili yao mmepanga mimea midogo sana inayopika chakula kwa jua na kuwagaia wenye nyumba. Ya kule chini hayana jua wala mpangaji. Yananyoosha mikono tu na kudaka kinachopita. Na kinachopita ni ile chembechembe nyeupe inayoshuka kwenye picha muda wote, mabaki ya viumbe vilivyokufa huko juu. Wataalamu wanaiita theluji. Theluji nani ameiona hapa? Bibi mmoja muuza kashata mlangoni alisema ni unga wa muhogo uliopepetwa, na tangu siku hiyo bandani inaitwa unga. "Leo unga mwingi," mtu anasema, kama anavyosema leo upepo mwingi.

Yule nyota sina budi kumtaja, kwani ndiye aliyejaza banda. Roboti ilimkuta kiti cha pwani, yaani nyota wa bahari, mnene, amekaa wima kwenye mwamba, na kwa nyuma amejaliwa haswa. Waargentina wakambandika jina la makalio yake, kwao likawa jambo la nchi nzima, makumi ya maelfu wanatazama kwa pamoja. Kijana alipofika kwenye jina hilo alisita, akamtazama imamu msaidizi aliyekaa benchi la tatu, akafasiri, "Wanamwita nyota... aliyeshiba." Banda likaanguka. Imamu ndiye aliyecheka wa mwanzo.

Lakini usiku nilioulipia elfu yangu kwa haki ulikuwa mwengine, na haukuwa wa moja kwa moja. Meli zisipokuwa baharini, kijana anaweka mbizi za zamani, kwa sababu zimehifadhiwa na ziko nyingi: za meli ya Marekani Okeanos Explorer, ambayo roboti yake Deep Discoverer inafika mita 6,000, au za Nautilus yenye roboti Hercules. Usiku huo ilikuwa milima ya chini ya bahari upande wa Hawaii. Ikatokea kama kichaka, matawi membamba ya rangi ya chungwa. Kijana akasema haya ni matumbawe meusi. Watu wakacheka, meusi wapi? Akasema nyama ndiyo yenye rangi, mfupa ndani ni mweusi, ukisuguliwa unang'aa, Waarabu wanauita yusri.

Ami akaingiza mkono mfukoni, akatoa tasbihi yake.

Ile tasbihi naijua tangu mtoto. Babu alirudi nayo Hija, ameinunua Jeddah, na sote nyumbani tunaiita ya yusri bila ya kujua yusri ni kitu gani. Mimi nilidhani ni mbegu. Dada yangu mpaka leo anabisha kuwa ni mpingo. Sasa pale bandani ikapita mkono kwa mkono, kila mtu anaibonyeza na kuinusa, na kijana anaeleza kwamba mwaka 2009 watafiti walitangaza umri wa tumbawe la jamii hiyo lililotoka bahari ya Hawaii, kwenye kina cha mita mia nne hivi. Walipima kaboni kwenye mfupa wake. Lilikuwa na miaka 4,265. Na si mfupa uliokutwa umekufa: lilikuwa bado hai, linakula unga ule ule, linanenepa kwa kiasi ambacho hata unywele ni mnene kulikoni. Mzee mmoja akahesabu kwa vidole akasema, basi lilikuwepo kabla ya Nabii Musa. Hakuna aliyembishia. Ami alipokea tasbihi yake, hakuirudisha mfukoni. Aliishika tu mpaka mwisho, na njiani kurudi nyumbani hakuzungumza, na huyu ni mtu anayezungumza hata na punda.

Sijui kama banda jengine lolote la video linaweza kukupa hivyo kwa elfu moja.

Ijumaa baada ya Alasiri ni zamu ya wanawake, nami siingii, kwa hiyo hapa nasimulia ya mke wangu. Anasema wao walipenda sifongo kuliko matumbawe. Sifongo wanaijua, kule Jambiani wanawake wenzao wanaipanda baharini kwenye kamba na kuiuza ya kuogea. Ila ya kina kirefu nyingi mifupa yao ni ya kioo, kioo hasa, cha jamii moja na cha chupa. Waliona moja iliyosukwa kama kikapu cha ukili, na ndani yake wanaishi kamba wawili, dume na jike, walioingia wakiwa wadogo wakakua na hawawezi kutoka tena. Wajapani hulitoa zawadi kikapu hicho siku ya harusi. Mke wangu anasema banda lilinyamaza kidogo, kisha mwanamke mmoja wa nyuma akauliza, "Na nani anayepika?" Waliona pia ile sifongo kubwa iliyokutwa Hawaii mwaka 2015, zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, ambayo urefu wake umepita mita tatu na nusu. Kirikuu ninayoikodi kubebea barafu haifiki hapo.

Iliyonigusa mimi ni ya ubaoni tu, haikuwa na picha ya kutembea. Kijana alichora fimbo. Akasema kuna sifongo inayosimama juu ya tope kwa fimbo moja ya kioo, urefu wake hufika mita tatu, na moja ya namna hiyo kutoka bahari ya China imekadiriwa umri wa miaka 11,000. Na waliozitoa kwa mara ya kwanza zikapewa jina la kitaalamu ni Wajerumani wa meli Valdivia, msafara wa 1898 mpaka 1899, walipokuwa wanakokota nyavu zao Bahari ya Hindi, upande huuhuu wetu wa Afrika Mashariki. Nikamuuliza: huuhuu? Akasema huuhuu. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na kinyongo, na ndicho kilichoila nyota yangu ya tano. Ntakifikia.

Kuna usiku mmoja mfupi wa kutaja. Zilikuwa picha za bahari za kaskazini ya Ulaya, miamba ya matumbawe meupe. Norway wana mmoja, wa Røst, waliougundua 2002, una urefu wa zaidi ya kilomita 35 kwenye kina cha mita mia tatu hadi mia nne, na mara baada ya kuugundua wakapiga marufuku nyavu za kukokota juu yake. Halafu zikaja picha za mahali ambapo marufuku ilichelewa. Mfereji mmoja mnyoofu, pande zote mbili kifusi, kama pameliwa na tinga. Bandani kuna watu wa juya, nao nyavu zao ni za kukokota. Mmoja alitoka kwenda kuvuta sigara na hakurudi, na viatu vyake alivifuata asubuhi.

Haya, kasoro. Bando linakatika. Mtandao nilioambiwa ndio wenye kasi kuliko yote hapa kisiwani umetuachia kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo mara tatu, na mara moja ilikuwa mkono wa roboti umeshanyooka, umebakisha kidole kimoja kuchukua kitu ambacho wataalamu wenyewe walikuwa wanapiga kelele hawajapata kukiona. Picha iliporudi walikuwa wameshakiweka kwenye kisanduku na wanazungumza habari nyengine. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Mwenye banda hakurudisha pesa, alitoa kahawa. Kahawa ni nzuri, siwezi kusema vingine, chungu na ina tangawizi.

Pili, siku ya watani wa jadi bahari haina thamani. Tulikuwa kwenye ukuta wa korongo, zile nukta mbili za leza wanazopimia, baina yake sentimita kumi, zimetua juu ya tumbawe kama feni, kijana anahesabu matawi kwa sauti. Mwenye banda akabonyeza rimoti, tukajikuta uwanjani Dar es Salaam. Wazee waliguna. Vijana walishangilia. Mimi nilikuwa wa pande zote mbili na nilijichukia.

Na jenereta. Ila jenereta silisemi sana, kwa sababu lenyewe ndilo lililoniletea fikra hii. Usiku umeme ulipokatika, tukiwa tumekaa kizani tunasubiri, kijana alisema kwamba umeme wa Pemba tangu 2010 unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Hilo kila mtu analijua, tulishaacha kulistaajabia. Lakini fikiri. Umeme unaoiwasha tivii ile, inayotuonyesha chini ya bahari ya Argentina, umepita chini ya bahari yetu sisi. Mkondo wa Pemba, baina yetu na bara, una kina cha karibu mita 800. Unguja wao wametenganishwa na bara kwa maji ya kina kifupi; sisi tumekatwa na shimo. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani amekwisha tangu enzi za madainosari, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 ananaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanga, upande wa pili wa mkondo huohuo, mpaka hifadhi yake ikaanzishwa 2009. Wavuvi wa Nungwi walimpata mmoja 2007. Anatoka wapi huyo kama si kwenye mapango ya huku chini?

Nikamwambia kijana, tuwekee yetu. Weka mkondo. Alikaa kimya, akatafuta kwenye simu, akatafuta tena, halafu akageukia ubao. Akaandika kwamba mwaka 2025 watafiti walikusanya mbizi zote walizoweza kuzipata, kiasi cha elfu arubaini na nne, wakakokotoa ni sehemu gani ya sakafu ya bahari kuu binadamu ameiona kwa macho. Haikufika hata asilimia 0.001. Eneo lake lote ukilikunjua ni Unguja na Pemba, uongeze nusu ya hapo. Na karibu thuluthi mbili za mbizi hizo zimefanywa karibu na nchi tatu tu: Marekani, Japani na New Zealand. Wamarekani kwa kupima kwa mawimbi ya sauti mwaka baada ya mwaka wameshachora uwanja wa matumbawe ya kina kirefu wa kilomita 500 nje ya pwani yao ya mashariki, zaidi ya Pemba saba ukizipanga mkia kwa kichwa; walitangaza Januari 2024. Sisi tuna ami yangu, aliyetia kamba pima mia na hamsini na anakumbuka pahala ambapo ndoana ilikuwa inarudi na vipande vyeupe vyenye matawi, akivitupa kwa hasira kwa sababu vinakata mshipi.

Ami amempa kijana alama za mahali hapo. Mnazi wa Ras fulani uelekeane na kilima fulani, siandiki zaidi, ni siri ya mvuvi. Kijana ameziandika kwenye daftari lake, anasema atazipeleka Unguja kwa walimu wake. Ami amemuapisha kwanza.

Kwa hiyo ni nyota nne. Kosa si la mwenye banda, najua, na aliponiona naandika hivyo alilalamika kuwa namkata maksi kwa roboti isiyokuwa yake. Nimemwambia siku atakayoonyesha mkondo nitarekebisha na kiingilio nitalipa elfu tano.

Ukija: Jumatano baada ya Isha, na siku yoyote meli ikiwa baharini, uliza dikoni. Ijumaa alasiri wanawake. Bibi wa kashata anafunga saa tatu. Benchi la mbele kushoto usilikalie, lina msumari.